Nguo za Justa

Siku ya tatu baada ya kumzika mke wangu Justa, nilimwambia dada yake, Rebeka, agawe nguo zote za marehemu.

"Shemeji, tungoje arobaini," alisema. "Ndugu wengine hawajafika."

"Gawa leo."

Wanaume niliokaa nao chini ya turubai wakaniunga mkono. Shimba, ninayechomelea naye mageti hapa Nyegezi, akasema mwanaume akishazika lazima asimame. Mtoto wetu wa pekee, Dorcas, wa kidato cha pili, alikuwa ziwani na wanawake wakisuuza masufuria ya msiba. Aliporudi, vitenge vya mama yake vilikuwa vimeshafungwa mafurushi na ndugu walikuwa wanaagana. Akaingia chumbani, akafungua sanduku, akakuta magazeti tu yaliyotandikwa chini. Aliniletea chai, akaiweka, akatoka.

Huo ulikuwa mwezi wa nne. Tangu siku ile maneno yetu yalikuwa shikamoo, marahaba, chakula tayari. Yeye alikula jikoni, mimi sebuleni. Siku moja nilirusha bakuli la mboga uani kwa sababu chumvi ilizidi. Dorcas aliokota vipande, nami nikasimama mlangoni nikimtazama mgongo, nikitaka kusema kitu. Nikamwambia afagie vizuri.

Nilikuwa nalia kazini. Kinyago cha kuchomelea kinafunika uso wote, mtu wa nje anaona cheche tu. Nilichomelea hata mahali palipokwisha kushika.

"Fundi, hilo geti la benki?" Shimba alinitania. "Liache, limeshika tangu saa nne."

Nilicheka naye. Machozi yalikuwa yamefika kidevuni.

Mwezi wa saba Rebeka akanipigia simu. Dorcas alikuwa amemwomba ahamie kwake Buswelu, na angekuja kumchukua Jumapili baada ya ibada. Nikajibu "sawa", kama mtu anayepokea oda ya madirisha.

Jumapili hiyo sikwenda kanisani. Nilikaa kitandani, upande aliokuwa akilala Justa, hadi Dorcas alipobisha na kuingia akiwa na begi.

"Baba, macho yako mekundu."

"Ni moto wa kuchomelea."

"Jana hukuchomelea. Umeme haukuwepo kutwa nzima."

"Nimelia," nikasema. "Nalia kila siku."

Aliweka begi chini. Hakunisogelea.

"Mbona mimi sijawahi kukuona?"

"Nalia ndani ya kinyago."

Kisha akauliza lile ambalo nililingoja miezi mitatu.

"Kwa nini uligawa zote? Hata kile kitenge cha zambarau, alichokuwa akinibebea nikiwa mdogo?"

"Vilikuwa na harufu yake. Nilishindwa kulala humu. Nikadhani vikiondoka, nitapumua."

"Ukapumua?"

"Hapana."

"Ungeniuliza, baba."

"Kweli, ilinipasa kukuuliza. Nilikukosea, mwanangu. Na lile bakuli pia. Haikuwa chumvi."

Alianza kulia, mkono mdomoni, kama alivyokuwa akilia mama yake. Nami nikalia, uso ukiwa wazi, nikiona haya mbele ya mtoto niliyemzaa. Hakuna aliyemshika mwenzake. Tulikuwa bado hatujui kufanya hivyo.

Rebeka alipofika alitukuta hivyo, akarudi uani akakaa kwenye ndoo. Nilidhani labda sasa Dorcas atabaki. Alijifuta, akainua begi.

"Naenda, baba. Humu ndani bado nakuogopa."

"Sawa," nikasema, na safari hii ilinichoma kuisema.

"Jumamosi uje. Usimtume Shimba na unga. Uje mwenyewe, ukae, unisimulie mlikutana vipi na mama. Mama mdogo hajui vizuri."

"Nitakuja."

Niliwasindikiza hadi barabarani. Watu wa kanisani walikuwa wanarudi, wakanisalimia, nikawaitikia mmoja mmoja bila kujifuta. Gari lilipoondoka nilirudi nyumbani. Nilipika ugali wa mtu mmoja, nikauzidishia maji. Nilikaa jikoni, kwenye kigoda cha Dorcas, nikaanza kupanga nitakavyoanza kumsimulia: kwamba mama yake alikuwa anauza chapati karibu na stendi, na kwamba mara ya kwanza nilinunua tano ilhali nilikuwa nimeshiba.