Kila Maiti na Kosa Lake

Siku ya tatu Kijakazi hakuweza kungoja tena. Ndiga, kiazi cha porini chenye sumu, hulowekwa siku nne, tano ikibidi, mpaka mto uondoe sumu yote. Hilo hata mtoto wa Kindengereko analijua. Lakini Mwantum, bintiye wa miaka minne, alikuwa ameacha kulia tangu asubuhi, na mtoto mwenye njaa akiacha kulia ndipo mama anapoanza kuogopa. Kijakazi akaingia mtoni, akatia mkono ndani ya tenga, akatoa vipande viwili, akavinusa, akavirudisha. Akavitoa tena.

"Usimpe, shemeji," Mrisho akamwambia. "Ngoja kesho."

"Kesho ya nani, shemeji?"

Mrisho alikuwa amekaa ukingoni, mguu wa kushoto kaunyoosha mbele, kidonda kimefungwa kitambaa kilichokuwa cheupe zamani. Ghala lake na la marehemu mdogo wake yaliungua siku moja, askari wa Mdachi walipopita na mienge wakirudi toka vilimani. Mtama uliobaki kijijini ulikuwa ule wa Mzee Maneno, baba yao mkubwa, aliouficha msituni mapema, na uligawiwa kibaba kibaba. Kwa Kijakazi kibaba hakikufika. Shauri lake lilikuwa bado halijaamuliwa.

Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Vijana saba wa kijiji waliondoka na vibuyu vidogo vya dawa shingoni, wakaenda kuivamia ngome ya Mdachi. Walikuwa wameogeshwa, wamenyweshwa, wameambiwa risasi ikiwagusa itageuka maji. Haikugeuka. Hakurudi hata mmoja. Sasa ungedhani watu wazima wenye akili zao wangeuliza habari za dawa. Thubutu! Waliuliza habari za maiti.

Maana dawa ilikuwa na miiko yake: usiguse mali ya adui, usitazame nyuma, usilale na mwanamke. Basi wazee wakakaa wakachambua. Salumu, mtoto wa Bi Mwanaheri, ikasemwa aliokota koti la askari. Wazee wakasema mwizi yule, tena alikuwa mwizi tangu mdogo. Mtoro alitazama nyuma. Mwingine alikuwa na deni la nadhiri. Kila maiti alitafutiwa kosa lake na likapatikana. Akabaki Mshamu, mume wa Kijakazi. Mtu wa kijiji cha pili aliyenusurika alisimulia kwamba Mshamu alikuwa wa mbele kabisa, kifua wazi, hakuokota kitu wala kugeuka. Kosa la mtu wa namna hiyo, wazee wakasema, liko nyumbani kwake.

Na mwenye kujua ukweli alikuwa Mrisho peke yake. Alikaa nao kifuani kama mwiba wa samaki, haumezeki wala hautapiki.

Mshamu alilelewa naye. Wazazi wao walipokufa kwa ndui, Mrisho ndiye aliyemwindia ndege akamlisha, akamtafutia mke. Mshamu alipochapwa viboko ishirini na tano kwenye shamba la pamba la jumbe, kwa kuchelewa siku moja tu, Mrisho ndiye aliyempaka mafuta ya nyonyo mgongoni usiku kucha. Kwa hiyo dawa ilipofika kijijini, hakuna aliyetaka iwe ya kweli kumshinda yeye. Na kitu unachokitaka hivyo huridhiki kuambiwa. Unataka ukione.

Akachukua jogoo wake, akaenda naye mpaka kwenye dungu lake, kibanda kile cha juu ya nguzo anacholindia mpunga usiliwe na nguruwe. Akamfunga mguu kwenye kigingi. Akafungua kibuyu chake cha shingoni, maana naye alikuwa ameogeshwa aende vitani, akammwagia nusu ya dawa kichwani mpaka mkiani, akasema maneno yote kama walivyofundishwa, asiache hata moja. Kisha akashindilia gobore. Kijijini waliosikia mlio walisema Mrisho kafukuza nguruwe.

Jogoo alikuwa bado anapapatika. Mrisho akawahi kumchinja. Akasimama na kisu mkononi, akajiambia: dawa ya watu si ya kuku. Akajiambia: labda nimekosea neno. Akajiambia mengi siku ile.

Jioni Mshamu akapita, akakuta chungu kinatokota. "Kaka! Leo sikukuu gani?"

"Kula tu."

Mshamu akala. Alikula paja, akafyonza na mifupa, akacheka, akasema tukishamtupa Mdachi baharini pamba yote nitaichoma mimi, kwa mkono wangu huu, nikae niote moto wake. Neno lilikuwa ulimini mwa Mrisho. Lakini unamwambiaje mtu aliyeoga dawa, akaapa? Dawa haijaribiwi. Imani ya watu haiguswi. Ndivyo walivyolelewa wote wawili, ukipita penye mzimu unainamisha kichwa, ukipita penye msikiti unavua viatu, na huulizi. Mrisho aliona haya. Haya tupu, kama mtu anayetaka kumkatiza imamu katikati ya sala. Akamwongezea mdogo wake mchuzi.

Siku tatu baadaye, asubuhi ya kuondoka, alikwenda shambani peke yake, akainua jembe, akalishusha juu ya mguu wake mwenyewe. Kusudi. Wenzake wakamhurumia, wakamwacha. Mshamu alimfunga kidonda, akamwambia, "Pole, kaka, nitakupigia na Mdachi wako." Akaenda. Na tangu habari za kifo zifike, Mrisho hakupata kuutazama ule mguu bila kutamani ungeoza wote.

Mchana wa siku ile ya ndiga, hazijapikwa bado, wakaitwa. Baraza lilikuwa uwanjani kwa Mzee Maneno, jua la utosi, watu wamekaa chini wamezunguka. Katikati alikaa hongo, ndivyo walivyoitwa wajumbe waliosambaza dawa ya mganga wa mtoni. Alikuja na dawa mpya. Vijana wengine wangeogeshwa, lakini sharti kijiji kisafishwe kwanza. Kijakazi alitolewa edani, eda haijatimia, akakalishwa mbele ya wanaume na kaniki yake kaivuta mpaka usoni.

"Ulilala na mumeo baada ya dawa?" hongo akauliza. Hakuwa mkali. Alikuwa na sauti ya mtu anayembembeleza mgonjwa.

"Sikulala naye. Tangu aoge alikuwa akilala nje, barazani, kwenye jamvi. Wallahi."

"Hata usiku wa mwisho?"

"Usiku wa mwisho alitaka maji, nikampelekea."

"Ukamgusa?"

Kijakazi alikitazama kiganja chake. Mwongo angekuwa na jibu tayari. "Nilimshika mkono," akasema.

Uwanja mzima ukapumua, kama watu waliotua mzigo. Mzee Maneno akatikisa kichwa kwa masikitiko, na masikitiko yake yalikuwa ya kweli. "Basi, binti yangu, utarudi kwenu. Utaondoka na mtoto."

Kwao kulikuwa Umatumbi, vilimani, mwendo wa siku tatu, vijiji vimechomwa, askari wamejaa njiani. Kila aliyekaa pale alijua anaambiwa nini. Mwalimu Sadallah wa chuoni, aliyewasomesha Kurani nusu ya watu wale, aligeuza tasbihi yake akatazama mchanga.

"Hakuvunja kitu," Mrisho akasema.

Alikuwa amekwisha simama, kaegemea fimbo. Hakujua amesimama saa ngapi. "Baba mkubwa, huyu hakuvunja kitu. Wala Mshamu. Wala Salumu, wala Mtoro. Dawa haizuii risasi. Niliijaribu mimi. Nilimwogesha jogoo kwa dawa hii hii, na maneno yake yote, nikampiga gobore. Akafa. Ni maji tu, jamani. Maji ya mto na mtama."

Mrisho alifikiri sasa watalia. Alifikiri watamrukia hongo. Ya mguu wake hakuyasema. Aliona hayo ya kuku yanatosha.

Hongo hakukasirika hata kidogo. "Ulijaribu dawa," akasema taratibu, "kwa kuku."

"Nilijaribu."

"Kabla ya vita ama baada?"

"Kabla. Siku tatu kabla."

"Mmesikia wenyewe," hongo akawaambia watu. "Dawa ilitukanwa hapa hapa kijijini, kabla watoto hawajaondoka. Ikawaacha. Walikwenda vitani uchi."

Ukelele uliotoka haukuwa wa huzuni peke yake. Bi Mwanaheri alijitupa chini, akaupiga mchanga kwa viganja, analia na kucheka pamoja. "Mwanangu hakuwa mwizi! Mmesikia? Salumu wangu hakuiba!" Wengine wakashikana mikono. Baba yake Mtoro, mtu aliyekuwa hatoki nje kwa aibu, akalia waziwazi kama mtoto. Makosa yote saba yaliondoka makaburini mara moja, yakaja yakakaa juu ya mtu mmoja mwenye fimbo.

Mrisho akamgeukia Kijakazi. Alidhani huyu angalau ataelewa. Kwa ajili yake ndiyo amesema.

Kijakazi alikuwa ameishusha kaniki, uso wote wazi. "Kumbe wewe," akasema.

"Shemeji, nisikilize. Yalikuwa maji matupu."

"Kama ni maji matupu, mume wangu kafa kwa ajili gani?"

Mrisho angesema nini? Kafa kwa sababu nilimlisha nyama nikanyamaza? Kafa kwa sababu niliona haya?

"Nimekuuliza, shemeji! Kafa kwa ajili gani?" Akamtemea mate kifuani. Halafu wanawake waliokaa mbali naye mwezi mzima wakaja wakamkumbatia.

Mzee Maneno alimchukua Mrisho nyuma ya nyumba, kwenye kinu kilichopinduliwa, wakakaa. Mzee alitafuna ugoro wake mpaka ukaisha.

"Mwanangu, unadhani mimi mjinga? Dawa ile mtama ulitoka ghalani kwangu."

"Basi unajua."

"Najua kinu kinavyolia, sijui zaidi." Akatema. "Imani ya mtu ni nguo yake, Mrisho. Humvui mtu nguo mbele za watu."

"Na ikishika moto, baba mkubwa? Na yeye yumo ndani?"

Mzee alikuwa na macho mekundu. Wajukuu wake wawili walikuwa katika wale saba. "Ukimvua sasa atabaki na nini? Mdachi anayo bunduki. Sisi tunayo hiyo. Ungesema kabla," akaongeza kwa sauti ndogo, na hilo ndilo neno pekee siku ile lililomfikia Mrisho mfupani.

Kisha akampa hukumu, kama ilivyoamuliwa na hongo. Aliyeitukana dawa ataibeba. Atakwenda na hongo mpaka Ruaruke, atasimama mbele ya watu wa huko, atasema kwa kinywa chake kwamba dawa ni ya kweli, ni yeye aliyeiharibu. Atawaogesha kwa mkono wake. Akikataa, Kijakazi arudi kwao na mtoto, kesho alfajiri.

"Na nikikubali?"

"Kibaba kimoja kila siku. Nimekwisha mwambia Bi Mwanaheri ampelekee cha leo. Mtoto kala."

Mrisho akafuta uso kwa kiganja. Akauliza chungu cha dawa kiko wapi.

Ruaruke ni mwendo wa kutwa kwa mwenye miguu miwili. Walilala njiani. Njia nzima, hongo akiwa mbele anaimba, Mrisho akichechemea nyuma na chungu kichwani, alijifunza neno moja. Neno lenyewe fupi: usiende. Atakapomwinamia mtu kummwagia, mdomo wake utakuwa karibu na sikio lake, nani atajua? Alilirudia neno lile kila hatua mpaka likawa na mwendo wa mguu wake. Njiani watu waliwapa mihogo. Walimpisha. Wengine waligusa chungu kisha wakajigusa paji la uso.

Huko alisimama, akasema alichotumwa kusema. Alisema vizuri, Mungu amsamehe kama yupo. Alisema mpaka wanawake wakalia. Hongo alisimama pembeni yake, bega kwa bega.

Wa kwanza kuja alikuwa kijana aitwaye Mohamedi, ameoa karibuni, hina ya harusi bado iko kuchani. Mgongoni alikuwa na mistari ya kiboko, mipya, mingine haijafunga. Mkewe, binti mdogo sana, alikuwa nyuma yake kaishika ncha ya msuli aliouvaa. Mohamedi akapiga magoti. Mrisho akamwinamia na kata ya maji. Sikio lile lilikuwa karibu, safi, na tundu dogo alilotogwa utotoni.

Kijana akainua macho. "Kaka," akasema polepole, wengine wasisikie, "wewe ndiye uliyeona. Wallahi niambie. Ni kweli?"

Neno lilikuwa tayari. Mrisho alimwona Kijakazi na tenga lake la ndiga. Alimwona mke wa huyu, vidole vyake kwenye msuli. Kivuli cha hongo kilikuwa juu ya mkono wake na hakikusogea.

"Ni kweli," akasema.

Mohamedi akashusha pumzi, akatabasamu, akainamisha shingo. Maji yalipomshukia mgongoni, penye vidonda, alisisimka akacheka. "Ya baridi!" akamwambia mkewe. Mkewe akacheka naye, akauachia msuli.

Nyuma yao mstari ulifika mpaka kwenye mashamba ya pamba. Mrisho akachota tena.