Mavuno ya Majirani

Kaunti ya Stroud, kaskazini mwa jimbo la Iowa, Marekani, ni mraba. Walioichora walikuwa na rula na haraka, na barabara zake zinakatana pembe kwa pembe kama karatasi ya hesabu. Zamani ilikuwa nchi ya kinamasi na ya Wadakota, wenyeji wake wa asili. Kinamasi kilikaushwa na babu zetu Wanorwe. Kuhusu Wadakota, kitabu cha historia ya kaunti kinasema "waliondoka", utadhani walikuwa wamechelewa harusi mahali. Siku hizi wanaoondoka ni sisi. Kila shamba likimezwa na jingine, nyumba moja inabaki tupu, na sasa hata mchungaji tunagawana na sharika nyingine mbili.

Mimi ni Ardis Moen, na mume wangu Verlyn analima mahindi na soya. Nusu ya ardhi aliyolima ilikuwa yetu. Nusu ya pili, ile nzuri yenye udongo mweusi tii, tulikodi kwa mabinti wa marehemu Selma Rustad, waliohamia Arizona na hawajui hindi linaota likitazama wapi. Bila shamba la Rustad, shamba letu peke yake halilishi watu wawili. Stroud nzima inajua hivyo, na Lowell Brekke, jirani yetu wa upande wa mashariki, anajua kuliko wote.

Oktoba ile Verlyn alipasuliwa moyo, na mahindi yamekauka shambani yakingoja. Kwetu mtu haombi msaada, lakini pia haachwi. Lowell alipiga simu huku na huku, na asubuhi moja barabara yetu ikajaa kombaini, zile mashine kubwa za kuvunia, na malori ya nafaka. Wanawake walileta mabakuli ya viazi na nyama ya kusaga, mimi nikaoka pai mpaka unga ukaisha. Shamba la Rustad, Lowell alitaka kulivuna mwenyewe. "Hilo niachieni mimi," alisema. Nikamkumbatia, mimi ambaye hata dada zangu siwakumbatii. Verlyn alikaa dirishani na blanketi lake, analia bila kujificha.

Kombaini ya Lowell ni ya kisasa. Mbele ya dereva kuna kioo, na mashine ikivuna, kioo kinachora ramani ya rangi: hapa ardhi imezaa sana, pale imezaa kidogo. Hayo niliyajua. Sikuyawaza tu, maana nani anawaza mabaya siku anayosaidiwa?

Baada ya Krismasi alipiga simu Joelle, binti mkubwa wa Selma.

"Dada Ardis, poleni sana na ugonjwa. Sasa, kuhusu lile shamba letu. Kuna mtu ametoa kodi nzuri zaidi."

"Mtu gani?"

"Ameomba nisimtaje. Ila katuletea ramani, dada, ya rangi kabisa. Sisi hatukujua kama shamba linazaa vile. Verlyn hakuwahi kutuonyesha kitu kama hicho."

"Verlyn hana kombaini ya kuchora picha."

"Basi ndiyo hivyo," alisema, na kuniuliza kama theluji imeanza.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilingoja Jumapili. Baada ya ibada huwa tunashuka chini ya kanisa kunywa kahawa, na Lowell alikuwa amesimama karibu na birika, anacheka na wenzake.

"Lowell, ile ramani ilitoka vizuri?"

Kicheko kikamkauka. "Usilichukulie hivyo, Ardis. Kuna tajiri wa kaunti ya pili alikuwa analinyemelea. Ungependa lichukuliwe na mgeni?"

"Mgeni nisingemwokea pai."

"Verlyn hawezi tena. Wewe mwenyewe unamwona anavyohema akipanda ngazi."

"Uliona anahema, ukaanza kupima."

Mkewe, Corinne, akaweka kikombe chini. "Asante ya punda ni mateke. Baada ya yote aliyowatendea."

"Punda ni mimi kweli, Corinne, maana nimepandwa."

Walikuwapo wote waliokuja na malori yao Oktoba. Kila mmoja alitazama kahawa yake. Kwetu ukimya unaitwa adabu, na siku ile niliichukia adabu yetu kwa moyo wangu wote.

Nyumbani nilimkuta Verlyn mezani jikoni.

"Nimemwaibisha mbele za watu," nilimwambia.

"Ulifaidi?"

"Nilifaidi sana."

"Kaa chini, mama. Nyumba hii ilikuwa ya nani?"

"Ya baba yako."

"Kabla ya baba."

Nilijua jina tu. "Ya akina Nygaard. Si walihamia Oregon?"

"Mzee Nygaard alivunjika mguu, baba akakusanya majirani wakamvunia. Akaona udongo ulivyo. Nygaard hajatupa mikongojo, baba alishafika benki iliyokuwa inamdai, akazungumza nao, na shamba likawa letu."

"Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Ungelala humu?"

Baba mkwe wangu nilimwosha na kumlisha mpaka akakata roho kwenye chumba cha nyuma. Nilimchukia palepale, na huyu aliyeninyamazia nikamchukia kidogo.

"Kwa hiyo tukubali?"

"Sijasema tukubali. Nasema Lowell hakubuni kitu."

Nilimwambia tuuze kilichobaki, tuondoke, tukaishi karibu na binti yetu Des Moines. Alisema tungoje theluji iyeyuke, ataona kama bado ana shamba la kumtosha mwanamume. Nikangoja naye.

Theluji ilipoyeyuka, gari la Lowell liliingia uani. Hakuzima injini.

"Verlyn, sina mtu," alimwambia mume wangu aliyekuwa kibarazani, kupitia dirisha la gari. "Wanangu wako Minneapolis, na mashamba yamekuwa mengi. Nimezunguka kaunti nzima, hakuna anayejua kuendesha mashine ya kupandia."

"Watabaki wapi?" nilisema nikiwa mlangoni. "Si mmewamaliza?"

Lowell alijifanya hakusikia. "Nitakulipa vizuri, ndugu yangu. Kazi ya kukaa tu, moyo hautachoka. Tunaanza na la Rustad."

Nilimtazama mume wangu. Nilijua atageuka, aingie ndani, nami nianze kufunga masanduku. Verlyn alitazama upande wa lile shamba kwa muda, kisha akachukua kofia yake kwenye msumari na kupanda gari la Lowell.

Dirisha lilikuwa bado wazi walipokuwa wanageuza, nikamsikia Lowell akianza kumfundisha.

"Ukifika upande wa kusini, angalia, pale huwa panashika maji."

Mume wangu alilima pale tangu kabla hatujaoana.

"Sawa, Lowell," alisema. "Nitaangalia."