Ng'ombe Wameshakunywa Maji?

Wifi yangu Happyness nilimwonea wivu, tena wivu wa kunikatisha hamu ya ugali. Sisemi haya kwa kuungama. Kuungama nimeshaungama, Padri akanipa rozari moja tu, nikaona kanihurumia. Nasema kwa sababu wanajumuiya wenzangu hapa Kamunyonge, mjini Musoma, wanaisimulia habari hii vibaya. Wanasema Nyangi alitoa sauti yake mama yake akatibiwa. Mimi sifa ya bure siitaki.

Mama yetu, Matrida, anaishi Butiama, nyumba ile ile aliyoolewa. Ana presha. Kila mwezi anakuja kliniki Musoma, na daktari wake, Mwandu, ni Msukuma, Kizanaki chetu hajui hata cha kuombea maji. Kiswahili Mama anakisikia vizuri, sokoni anapunguziwa bei kwa Kiswahili hicho hicho, lakini akikalishwa mbele ya koti jeupe ulimi unagoma. Hapo ndipo nilipokuwa naingia mimi, kifungua mimba wake. Daktari anauliza, namgeuzia Mama. Mama anajibu, nampelekea daktari. Wauguzi wanaojua lugha yetu wapo, ila hao ni watu wa kwetu. Neno ukiwaambia asubuhi, jioni unalikuta limekutangulia Butiama.

Miaka sita nilikuwa mdomo wa Mama, na nisidanganye, nilipenda. Siku ya kliniki nilikuwa nafunga kibanda changu cha cherehani mapema na kuwaambia wateja, "Leo nampeleka Mama, bila mimi hatibiwi."

Kitu kimoja tu kilikuwa kinaniuma. Kwa kama miaka miwili Mama alikuwa hakubali tena kulala kwangu. Akitoka kliniki anataka gari la Butiama hapo hapo. Akipita nyumbani, kochi halikalii, anaomba kigoda. Nguo zake anafua mwenyewe, ukizigusa anafoka. Nikajiambia, basi ameshapata wa kumpenda zaidi yangu, na huyo si mwingine ni mke wa Jofrey.

Jofrey ni mdogo wangu, anafundisha sekondari huko Bunda. Mkewe Happyness ni Mhaya wa Muleba, mwalimu wa darasa la tatu. Ni mpole, anasalimia kwa magoti yote mawili, hana kosa la kumshika, na mtu asiye na kosa la kumshika anachosha sana. Mwaka jana, likizo ya Juni, alianza kozi ya bure ya kwenye mtandao, ya kujifunza kutengeneza programu za simu kwa kutumia akili unde. Alisema mwenyewe kwamba ni kozi ya watu wasiojua chochote, na akacheka. Jumapili tukikutana Butiama, mimi namenya viazi, yeye yuko na kompyuta ya Jofrey mapajani, anaiandikia mashine kama anayempa maagizo mtoto wa darasani: Wewe ni muuguzi msaidizi. Una subira. Uliza swali moja, kisha subiri jibu.

"Yaani unaiambia mashine iwe na subira?" nikamuuliza.

"Usipoiambia, wifi, inajifanyiaga inavyotaka."

"Kama mume, basi."

Watu wakacheka, na yeye akacheka kuliko wote. Hata kejeli alikuwa anazitafuna kama karanga. Kisha akasema kile kilichonichoma: "Nataka Mama akiwa kliniki ajieleze mwenyewe, asimtegemee mtu." Mtu! Mtu huyo ni mimi.

Programu yake ya kwanza ilimwaibisha, nami nikashukuru. Aliiagiza mashine imwulize Mama hali yake kwa Kizanaki. Ikaandika ukurasa mzima, haraka, bila kusita hata kidogo, na Happyness akasimama kuusoma kwa sauti. Mama alicheka mpaka kilemba kikamvuka. Ile haikuwa lugha ya mtu yeyote aliyewahi kuzaliwa. Maandishi ya Kizanaki ni machache mno, mashine ilikuwa haijajifunza, na badala ya kusema sijui ikatunga. Happyness asingeweza kujua. Jofrey naye hakuwa wa kumsaidia, maana Kizanaki chake ni cha salamu na matusi. Siku ile nilikula viazi nikaongeza.

"Nimefeli vizuri," akasema Happyness, akifunga kompyuta. "Sasa nimejua isichokijua."

Wiki mbili baadaye akaja kibandani kwangu sokoni, ana pakiti ya senene, wale panzi wa kukaanga wa kwao, na karatasi tatu. Amebadilisha kila kitu. Mashine imekatazwa kutunga hata neno moja la Kizanaki. Ameandika maswali sitini na manne akisaidiwa na daktari. Simu itauliza kwa sauti ya mtu, Mama atabonyeza kijani kama ni ndiyo, nyekundu kama ni hapana. Kazi ya mashine ni kuangalia jibu, kuchagua swali linalofuata humo humo kwenye orodha, na mwisho kumwandikia daktari maelezo kwa Kiswahili.

"Inabaki sauti, wifi," akasema. "Mimi nikiisoma, Mama atacheka tena. Naomba unirekodie wewe."

Nilimwelewa vizuri sana. Alikuwa anataka mdomo wangu, ili mwenye mdomo abaki nyumbani. Lakini nikikataa ataona wivu wangu, na wivu ni nguo ya ndani, mtu hatembei ameianika. Nikachukua simu. Yeye akaenda kununua sato, mimi nikajificha nyuma ya magauni ya wateja nikaanza kurekodi.

Maswali ya kwanza yalikwenda. Kichwa kinauma? Miguu inavimba? Vidonge unavimeza kila siku? Nikafika matatu ya mwisho, nikasimama. Yalikuwa mambo ya kike, ya damu, ya haja, ya maumivu ya huko. Nyumbani kwetu mtoto hamwulizi mama yake mambo ya chini ya kitovu, hata mtoto mwenyewe awe na wajukuu. Ningeweza kumwambia Happyness hivyo, lakini angeniita mwungwana na kutafuta mtu mwingine wa kuyasoma. Wivu ukanipa shauri lake. Nikabonyeza, nikasema kwa Kizanaki kizuri kabisa: "Ng'ombe wameshakunywa maji?" Swali la pili: "Nani amefunga ndama?" La tatu: "Mbona jikoni leo kuna moshi hivi?"

Nilishaiona siku yenyewe. Mama ataangua kicheko mbele ya daktari, Happyness atatoa macho, mlango utafunguliwa na nitaitwa: Nyangi, njoo utusaidie. Nilimrudishia simu, akanishukuru mara tatu. Senene nikala zote peke yangu huku nikisema hazina chumvi.

Siku ya kliniki ilikuwa Alhamisi. Mama alikuja amevaa gauni la Krismasi, na yeye ambaye siku zote namvuta kama mbuzi wa mnada alikuwa anatangulia mbele yetu. Tulipofika kwenye benchi akanigeukia.

"Wewe kaa hapa," akasema.

Akaingia na Happyness, mlango ukafungwa. Miaka sita sijawahi kukaa kwenye lile benchi peke yangu. Niliona watu wote wananitazama, kumbe kila mtu alikuwa na ugonjwa wake. Nikatega sikio kusubiri kicheko cha Mama. Hakikuja.

Alipotoka, uso wake ulikuwa umeshuka. Akaketi mwisho wa benchi, upande upande, kama alivyozoea siku hizi.

"Nyangi," akaniambia kwa lugha yetu, "ng'ombe gani?"

"Ulikuwa utani tu, Mama."

"Nilibonyeza nyekundu. Ng'ombe sina tangu baba yenu afe. Nikasema acha, swali langu linakuja. Ikaniuliza ndama, nyekundu tena. Nikangoja. Ikaniuliza moshi, nyekundu. Nikangoja tena, ikanyamaza."

"Swali gani, Mama?"

Akageuza uso ukutani.

Happyness akanivuta mkono mpaka kwenye korido. Alikuwa ameshika maelezo ambayo mashine ilimwandikia daktari. Chini kabisa yalisema mgonjwa hana tatizo lolote la uzazi wala la haja.

"Wifi, kuna jambo," akasema. "Jumapili ya juzi Mama aliniita kwenye zizi la mbuzi. Akaniuliza kwa Kiswahili chake, 'Simu hii itaulizaga mambo ya chini? Nikibonyeza, Nyangi atasikia?' Nikamwambia hapana, Mama, ni wewe na daktari tu. Akasema, 'Basi nitaenda.' Sikumwuliza zaidi, ni mama mkwe wangu. Sasa leo maswali yale yalipofika akanitazama kama mtu aliyeibiwa. Nini kilisemwa mle?"

Nilikuwa nakiona kigoda. Nikaona kochi ambalo halikalii, nguo anazofua mwenyewe, gari la Butiama analolikimbilia ili asilale kwangu na kuchafua shuka zangu. Miaka miwili Mama alikuwa na neno la kumwambia daktari, na njia pekee ya kulipitisha ilikuwa mdomo wa mwanawe. Na mimi nilikuwa nazunguka soko zima najisifia mdomo huo. Halafu mashine ikampa njia nyingine, nami nikaenda kuiziba kwa ng'ombe.

"Nimeyaharibu kwa makusudi," nikasema. "Nilikuonea wivu."

Happyness akanitazama. Ndiyo mara ya kwanza kumwona amekasirika, na hata hasira yake ilikuwa safi.

"Ya wivu nilikuwa naijua," akasema. "Ya maswali nilikuwa sijui." Akaniwekea simu mkononi. "Nenda karekodi. Nitamwomba daktari atusubiri."

Nilikwenda nyuma ya jengo wanakoanika mashuka. Upepo wa ziwa ulikuwa unavuma, nikajifunika khanga kichwani na ile simu humo ndani. Nilipoanza, sauti iliishia katikati ya swali. Nikafuta. Nikajaribu tena, ikatoka ya mtoto aliyeshikwa anaiba sukari. Nikafuta. Mama yangu sikuweza kumwuliza kama mwanawe. Ndipo nikakumbuka shangazi zangu, walivyokuwa wakiulizana jikoni wakidhani tumelala, maneno ya kuzunguka, ya upole, ambayo mkubwa anaweza kuyajibu bila kuinamisha kichwa. Nikayaazima. Nikauliza swali la kwanza, la pili, la tatu, kila moja polepole, na mwisho wa kila moja nikaweka pole.

Nikampa Happyness simu. Mama aliponiona nimesimama akainuka na kumfuata mkwewe ndani. Mimi sikukaa kwenye benchi. Nilikwenda mpaka getini, kwa mama anayeuza ndizi, mahali ambapo hata mlango ukiachwa wazi sitasikia.

Walikaa sana. Nilimwona muuguzi akitoka na kurudi na beseni, kisha pazia la dirisha likavutwa. Happyness naye akatoka, akasimama mlangoni mgongo nje, kama anayenizuia nisije. Hakuwa na haja.

Mwisho Daktari Mwandu akaja mwenyewe getini na karatasi. "Mama atarudi Jumatatu kwa vipimo," akasema. "Tutamtibu. Ila ilifaa aje mapema." Hakuniambia ni nini, na mimi, niliyezoea kuuliza mpaka jina la kidonge, sikuuliza. Mpaka leo, na matibabu yameshaanza, sijui ni swali lipi kati ya yale matatu alilolibonyezea kijani.

Siku ile Mama hakulitaka gari la Butiama. Alisema miguu imechoka, atapita Kamunyonge. Nilitangulia kuingia ndani, nikatandika khanga mbili nzito juu ya kochi na plastiki chini yake, kisha nikajitia nahangaika na chai. Niliporudi na vikombe, alikuwa amekaa katikati ya kochi, ameegemea mgongo kabisa. Happyness alikuwa mkekani anamfundisha Jofrey kwa simu yangu namna ya kupika maharage.

Mama akanywa chai, akaweka kikombe chini.

"Ile simu ya mke wa Jofrey ina adabu," akasema kwa lugha yetu. "Inamwuliza mtu mzima vizuri, na inampa pole. Wewe ungejifunza kwake."

"Kwa Happyness?"

"Kwa simu."

Nilimtazama kuona kama ananitania. Alikuwa anaangalia chai yake. Sauti yangu anaijua. Ndiye aliyenifundisha kusema.

"Ndiyo, Mama," nikajibu.

Nikatazama mezani ilipolazwa ile simu, na humo ndani sauti yangu mwenyewe, iliyosikia ambacho mimi sitasikia kamwe. Nikaionea wivu.