Somo la Mlango

Mlango wa darasa lile la Mpendae uling'olewa wakati wa masika, ulipovimba kwa mvua ukakataa kufunguka. Tangu hapo umeegemezwa ukutani nyuma ya ubao, ukimngoja fundi. Hakuna aliyeusikitikia. Upepo uliingia, paka aliingia, na wanafunzi wa Mwalimu Abdulwahid waliingia watakavyo. Laiti Bi Riyama angejua kuwa mlango ule ungekuja kumtoa jasho, angemwita fundi yeye mwenyewe.

Bi Riyama alikuwa mshoni wa mabaibui, mtu mzima. Aliiacha skuli zamani kwa ajili ya kuolewa, akarudi darasa la jioni mvi zimeshampigia hodi. Alisoma kwa bidii na kwa dua. Kabla ya mtihani wa hisabati alisali rakaa mbili, na baada ya mtihani akasali mbili nyingine: za mwanzo za kuomba msaada, alisema, na za mwisho za kuomba msamaha kwa yale aliyoyaandika. Mungu akamjaalia akafaulu. Sasa alikuwa na haja moja tu duniani: aingie chuo cha ualimu kule Chukwani, asomeshe watoto wa skuli ya maandalizi. Cheti anacho. Kilichobaki ni usaili.

Hapo ndipo alipoingia Mwalimu Abdulwahid, kijana ambaye kwanza humwamkia Bi Riyama shikamoo, kisha humsahihisha. Kila Alhamisi jioni aliwakusanya wanafunzi wa kidato cha sita pamoja na watu wazima wa darasa la jioni, akawafundisha namna ya kuchagua chuo, kuandika maombi, na kukaa mbele ya watu wanaouliza maswali. Kwa hivyo Bi Riyama alijikuta benchi moja na binti yake Muzdalifa, aliyekuwa kidato cha sita na hana huruma.

"Bi Riyama, leo mimi ndiye msaili," Mwalimu alisema. "Nieleze sifa zako."

"Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu."

"Hizo hatuna shaka nazo. Nataka zako."

"Zangu? Mimi nna nini, Mwalimu? Najikokota tu."

Darasa likacheka. Muzdalifa akanyanyua mkono. "Mwalimu, nimsaidie? Mama yangu ni hodari wa kugomba."

"Ngoja tufike nyumbani," mama yake akamwambia, "utaieleza vizuri zaidi."

Mwalimu hakukata tamaa. "Haya, jingine. Tukikupa nafasi, utafika chuoni kila siku kwa wakati?"

"Inshallah."

"Msaili akisikia inshallah peke yake atadhani unamkatalia kwa adabu. Sema 'ndiyo, nitafika'."

"Niseme nitafika, bila ya inshallah?" Bi Riyama alitoa macho. "Na nikifa njiani?"

Wakavutana mpaka adhana ya Isha ikawapatanisha: itangulie ndiyo, inshallah ifuate. Walifanya mazoezi ya kukaa, ya kutazama, ya kujibu. Kila kitu walikifanyia mazoezi isipokuwa kuingia, maana darasa halikuwa na mlango.

Siku ya usaili Bi Riyama aliamka kabla ya Alfajiri, akasoma nyiradi zake zote na nyingine akarudia. Akafika Chukwani mapema, Muzdalifa akimsindikiza. Chumba cha usaili kilikuwa mwisho wa baraza ndefu. Mlango ulikuwa mzito, umefungwa, na juu yake kiyoyozi kikinguruma kama boti inayowashwa bandarini Malindi. Karatasi ilibandikwa: WALIOITWA KWENYE USAILI, INGIENI MOJA KWA MOJA.

Bi Riyama aliisoma mara mbili. Kisha akasimama pembeni, kama inavyotakiwa, asije akachungulia ndani.

"Hodi!"

Akangoja. "Hodi!" Akangoja tena. "Hodi wenyewe!"

Kiyoyozi kikanguruma. Hodi tatu zisipoitikiwa, mgeni hurudi. Bi Riyama akageuka, akaenda kukaa kwenye benchi la barazani, ambako walikuwako tayari kijana mmoja mwenye koti kubwa kuliko yeye na wasichana wawili wa Makunduchi.

"Na nyinyi mnangoja zamu?" akawauliza.

"Hatuna zamu, Bi," alijibu kijana, jina lake Ame, mtu wa Tumbatu. "Tumeshapiga hodi zetu."

"Zote tatu?"

"Zote tatu. Hatukuitikiwa, tukarudi."

"Mbona mpo hapa?"

"Tumerudi mpaka hapa."

Muzdalifa alishika kichwa. "Mama! Karatasi si imesema ingieni?"

"Karatasi haina mdomo. Nikiingia nikamkuta mwenyewe kavua viatu, anajikuna mgongo, nimwambie nini? Nimekaribishwa na karatasi?"

Wasichana wa Makunduchi waliitikia kwa vichwa. Muzdalifa akainuka mwenyewe kwenda kuufungua ule mlango, mama yake akamdaka ushungi. "Kaa chini. Usaili wangu, uje kuniaibisha?"

Wakakaa. Jua lilikuwa limeshapanda sana alipopita mlinzi wa geti, anakwenda kutia udhu.

"Nyinyi mnamngoja nani?" akauliza. "Nimemsikia msaili, Bwana Khatib, dirishani anazungumza na simu. Anasema hakuna aliyekuja hata mmoja. Akishasali Adhuhuri humo ofisini, anafunga kazi anarudi mjini."

"Mwambie tupo, baba!" akasema Bi Riyama.

"Ule mlango nimekatazwa kuugusa siku ya usaili," alisema mlinzi, akaenda zake.

Bi Riyama akapiga hesabu. Masomo yote yale ya jioni, rakaa zote zile, na jina lake liandikwe kuwa hakufika! Ame alikuwa akifungua na kufunga kifungo cha koti. Hakuna aliyenyanyuka. Hodi zao zilikuwa zimekwisha.

"Sikilizeni," Bi Riyama alisema hatimaye. "Zilizokwisha ni hodi za ziara ile. Sasa tunakwenda kusali. Tukitoka huko, si tumekuja upya?"

Ame alifikiri. "Hayo yamo kitabuni, Bi?"

"Sijui. Kesho nitamuuliza sheikh. Leo nna usaili."

Wakaenda kusali. Katika sijida ya mwisho Bi Riyama alikawia mpaka Muzdalifa akadhani amelala. Alikuwa akiomba kwa maneno yake mwenyewe: Ya Rabbi, mfungulie mtu huyu masikio.

Wakarudi. Kwa kuwa yeye ndiye mkubwa, alitangulia yeye.

"Hodi!" Kiyoyozi kikaimeza.

"Hodi!" Hiyo nayo ikaliwa.

Ilibaki moja. Bi Riyama akaishika mdomoni, hawezi kuiachia. Mara kiyoyozi kikakohoa, kikanyamaza. Taa ya barazani ikazimika. Umeme umekatika Chukwani nzima, na kimya kilichoshuka hapo ungesikia sindano ikianguka.

"Hodi," alisema Bi Riyama, taratibu kabisa.

"Karibu! Nani?"

Akasukuma mlango. Bwana Khatib alikuwa akitafuta viatu vyake kwa miguu chini ya meza. Bi Riyama akatazama dari mpaka alipovipata.

"Mbona umechelewa, Bi?"

"Nipo tangu asubuhi. Nimepiga hodi."

"Karatasi hukuiona?"

"Nimeiona. Lakini haikuitika."

Bwana Khatib akavuta faili. "Na wenzako?"

"Wapo barazani. Hodi ziliwaishia."

Akamwonesha kiti, akapekua faili kwa mwanga wa dirisha. "Umewahi kusoma chuo chochote kabla ya hapa?"

"Naam. Nimehitimu."

"Humu hukuandika. Chuo gani?"

"Cha Bi Mayasa, Mpendae, nyuma ya kisima."

"Kimesajiliwa?"

"Aa. Kilikuwa ukumbini kwake."

"Ulisoma nini?"

"Juzuu zote thalathini za Kurani."

Bwana Khatib akacheka mpaka akavua miwani. "Mimi nakuuliza habari za chuo, wewe unanijibu habari za chuoni!" Lakini hakuligeuza lile jani la faili. "Haya, na pale kwa Bi Mayasa, kazi yako ilikuwa kusoma tu?"

"Macho yake yalikuwa hayaoni vizuri, Mungu amrehemu. Wadogo akinipa mimi. Wakilia, hawataki kukaa. Nikiwachorea herufi kwenye unga kwa kidole. Nikiwaambia, be hii ni sahani, njugu imeanguka chini yake. Te ni sahani ileile, njugu mbili zimebaki juu. The, tatu. Wakicheka, wanasahau kulia. Bi Mayasa alikuwa mwalimu hasa."

"Hizo njugu alizibuni Bi Mayasa?"

Bi Riyama alitazama mikono yake. Alimkumbuka Mwalimu Abdulwahid na Alhamisi zake, akaona haya.

"Mimi," alisema. "Alhamdulillahi."

Bwana Khatib akaandika kitu, kisha kingine. "Nafasi unayo. Masomo yanaanza mwezi ujao. Utafika?"

"Ndiyo, nitafika," alijibu Bi Riyama, sauti imenyooka kama alivyofundishwa. Inshallah ikatoka nyuma yake mbio, isije ikaachwa.

Bwana Khatib akainuka, akabandua karatasi, akaufungua mlango wote na kuuwekea kiti usijirudishe. "Karibuni!" akaita barazani. "Karibuni nyote, kabla hamjasema kitu!"

Muzdalifa alimrukia mama yake shingoni, na Bi Riyama, machozi yakimtiririka, akamwambia, "Alhamisi mkumbushe Mwalimu amlete fundi. Somo la kwanza liwe la mlango."

Ame alikuwa ameshafika kizingitini. Mlango u wazi, na Bwana Khatib amesimama mbele yake, anamwita kwa mkono. Kijana akaweka koti sawa, akasogea pembeni kidogo, akasafisha koo.

"Hodi," akasema.