Mlango wa Papa

Kaka yangu aliingia bandani kwa mikwara, mabuti yakichuruzika maji, akaubwaga wavu miguuni pangu. Ulikuwa umechanika vibaya.

"Kichujio chako hicho! Papa wamejaa mpaka wametupasulia wavu. Tajiri akija leo namwambia king'olewe."

Yeye ni nahodha wa meli ya kuvua kamba. Mimi ni fundi wa nyavu zake. Kichujio nilikibuni mwenyewe: fremu ya nondo iliyolazwa mshazari ndani ya wavu wa kukokota. Kamba wanapenya katikati ya nondo. Papa anagonga, anateleza juu, anatokea kwenye mlango nilioukata juu ya wavu, anaenda zake. Mwaka mzima nilimbembeleza tajiri, mwenye meli, tukijaribu. Safari hii ndiyo ilikuwa ya kuamua.

Niliutandaza wavu sakafuni, nikatambaa kwa magoti mpaka penye nondo. Mlango ulikuwa umeshonwa. Umeshonwa kabisa, kwa fundo la kuzungusha mara mbili na kurudi nyuma, ambalo mama alitufundisha sisi wawili tu.

"Umeshona wewe."

Mabaharia wake waliosimama nje wakachungulia ndani.

"Kamba wangetoka," akasema.

"Uliwaona wakitoka?"

"Sasa ningengoja mpaka niwaone?"

"Na papa?"

"Arobaini na kitu. Wachanga. Tumewatupa, walishakufa."

Arobaini na kitu, wamekufa bure, halafu lawama nibebe mimi! Akainama sikioni kwangu.

"Mdogo wangu, yaishe. Kata huo uzi, ziba matundu, tujaribu tena. Tajiri ana haja gani ya kujua?"

"Sishoni hata tundu moja."

"Utaniumbua mimi, kaka yako?"

"Si ulikuja kuniumbua mimi? Utaufungua mwenyewe, mbele ya watu wako. Na tajiri utamwambia kwa mdomo wako."

"Nisipotaka?"

"Tafuta fundi mwingine."

Bandari nzima hayupo, na analijua hilo. Alinikodolea macho, mimi nikamkodolea yangu. Mwishowe akanyoosha mkono.

"Haya, nipe kisu."

"Ulifunga kwa vidole. Fungua kwa vidole."

Akapiga magoti. Uzi ulikuwa umelowa na kukaza kama waya. Fundo la tatu lilimng'oa ukucha. Kisu kilikuwa mfukoni mwangu. Nilivuta ndoo nikakaa, nikamwangalia mpaka akamaliza.