Uzito Kwanza

Mzee Emilian alikuwa na roho ya korosho, na nalisema mapema asije mtu akamwonea huruma. Ndiye aliyeandika programu ya mizani ya kiwanda cha mafuta ya alizeti pale Utemini, kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, enzi hizo ofisi nzima ina kompyuta moja. Sasa bosi Stanley alitaka programu mpya, na kazi akampa Rebeka, binti wa kijiji cha Ihanja aliyetoka chuo juzijuzi, yeye anaandika kwa Rust, lugha mpya zaidi. Makubaliano yalikuwa hivi: mizani ikisoma sawa siku wakulima wanaanza kuleta mavuno, anaajiriwa. Isiposoma, arudi kwao jembeni.

Sehemu inayoongea na mizani hakuweza kuiandika upya, maana Mzee alidai maandishi yake ya awali yalipotea na kompyuta ya zamani. Lilibaki faili lililokwisha kompailiwa, ambalo mashine inalielewa ila mtu akilifungua anaona vurugu tupu. Rebeka alitakiwa kulilinki na la kwake, yafanye kazi kama programu moja. Kila gunia likipanda, faili la Mzee linakabidhi namba mbili: uzito na unyevu. Alichohitaji ni kujua ipi inatangulia.

"Shikamoo, baba. Naomba kuuliza, inatangulia namba ipi?"

"Marahaba, mwanangu. Uzito kwanza, unyevu baadaye. Nimelijaribu mwenyewe."

Alisema hivyo bila kupepesa macho, na alijua fika kwamba unyevu ndio unaotangulia.

Rebeka akalinki. Kosa halikutokea, kwa sababu kompyuta inapolinki inatazama tu kama majina yanapatana. Kilichobebwa ndani hakiihusu. Hapo mwenye akili yake anapandisha gunia moja aone. Na gunia lilikuwepo pale mlangoni. Lakini Mzee alikuwa amevuta kiti karibu yake, anakunywa chai, na kwa malezi ya Theresia, mama yake Rebeka, kulipima neno la mzee mbele ya macho yake ni sawa na kumwita mwongo. Binti akafunga kompyuta, akamshukuru. Ningekuwepo ningemfinya.

Siku yenyewe, gunia la kwanza likawa la Theresia. Alikuja nalo kutoka Ihanja, kajitanda kanga mpya, na foleni nzima alishaiambia kwamba mashine ile ni ya mwanaye. Likapandishwa. Kioo kikaandika: uzito kilo saba, unyevu asilimia sitini na nane.

"Mama, alizeti yako umeiloweka mtoni?" mtu akauliza, na watu wakaangua kicheko.

Rebeka akakisoma kile kioo tena. Alielewa palepale kwamba namba zimekaa kinyume. Akamgeukia Mzee, aliyekuwa anafuta miwani, kajifanya hamnazo.

"Baba, uliniambia uzito unatangulia."

"Mimi? Mwanangu, hukuniuliza. Ungeuliza ningekwambia." Akasogea kwenye kompyuta, akabadilisha nafasi za maneno mawili, akakompaili na kulinki upya. Kilo sitini na nane, unyevu asilimia saba. Alipigiwa makofi.

"Anadanganya," Rebeka akasema. "Mama, nilimuuliza. Mungu anajua."

Theresia alimtazama mwanaye, aibu ya kuchekwa bado imemjaa usoni. Pengine alimwamini. Lakini watu walikuwa wanasikiliza, na mtoto alikuwa amemwita mzee mwongo.

"Piga magoti," akasema. "Muombe radhi baba yako."

Rebeka akapiga magoti kwenye maganda ya alizeti. "Nisamehe, baba. Shikamoo."

Mzee alifuta tena miwani kwanza, ndipo akaitikia. Bosi Stanley, aliyekuwa anatazama yote, akamuuliza Mzee kama ataweza kubaki na programu yote. Akasema ataweza, ila hiyo Rust haijui vizuri, basi binti amwandikie maelezo kabla hajaondoka.

Rebeka alikaa akaandika yote, hakuruka kitu. Kila walipofika pagumu Mzee alimuuliza, naye akamjibu ukweli.