Mpaka Chai Iishe

"Chuma! Hicho ni chuma, si jenereta!" Ba'mdogo alifoka mpaka mate yakamruka. "Nimeshamwambia mnunuzi wa vyuma aje na mkokoteni wake, na leo hii anakibeba!"

"Hakibebi mtu!" Sauti ya Fyuzi nayo ilikuwa imeshavuka paa. "Hii ni mali ya babu, na mimi ni mjukuu wake!"

"Na mimi ni nani? Jirani?"

"Wewe uliipeleka gereji kwako ikakushinda! Sasa mwenzio anajaribu, unamwitia mkokoteni?"

Hapo ndipo mama, aliyekuwa anapepea jiko mlangoni, aliposimamisha mkono. Neno "ikakushinda" halikuwa la kumwambia Ba'mdogo. Yule mtu kala grisi tangu hajaota ndevu. Mtaa mzima ukisikia pikipiki inakohoa, unamwita yeye.

"Fyuzi," mama alisema taratibu. "Huyo ni baba yako."

"Samahani, Ba'mdogo. Lakini haiendi."

Jina la Fyuzi alipewa siku aliyochomeka msumari kwenye soketi, akiwa mdogo wa kubebwa mgongoni bado, nyumba nzima ikaingia giza. Tangu hapo hata walimu walimwita hivyo. Na shule ilipoisha, kazi ikawa kukaa. Anakaa asubuhi, anakaa jioni, katikati anatumwa chumvi. Mtu ana miguu mirefu vile, ana mikono inayowasha kwa kutaka kushika kitu, halafu siku nzima anatumwa chumvi!

Ndiyo maana jana yake seremala wa mwisho wa barabara aliposimama kumwambia neno, Fyuzi alihisi kama kamwagiwa maji baridi. Seremala alikuwa na nyumba ya kupaua mahali ambapo nguzo za umeme hazijafika, na randa yake na msumeno wake vyote vinakula umeme. "Nasikia mna jenereta ya marehemu," alimwambia. "Ukija nayo kesho kabla jua halijafika utosini, una kazi mpaka tugonge bati la mwisho. Usipokuja, nakodi kwingine, tusilaumiane."

Basi jenereta ikatolewa. Ilikaa katikati ya ua kama mgeni ambaye hajapewa kiti. Ilikuwa ya zile za zamani, tangi limekaa juu kama kichwa, rangi yake nyekundu imechujuka ikawa ya tofali. Haina ile kamba inayojirudisha yenyewe. Hii unaizungushia kamba yako kwenye gurudumu, unavuta, kamba inakubakia mkononi, na usipokwepa inakuchapa sikio. Enzi za babu ilimulika harusi na misiba ya watu. Babu alipofariki, bibi akasema haitoki chumbani kwake. Ikawekwa miguuni pa kitanda, ikafunikwa shuka. Ilitoka mara moja tu kwenda gereji kwa Ba'mdogo, ikarudi na hukumu: pistoni imekwisha.

"Sikiliza," Ba'mdogo alisema, sasa ameshusha sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alivuta kigoda akakaa. "Mimi si mchawi wako. Inawaka, sijakataa. Lakini inawaka, inanguruma kidogo, inakufa. Unataka kumpelekea mtu wa watu ikamfie na mbao mezani? Utaaibisha ukoo."

"Nikiitengeneza je?"

"Shemeji, niletee chai," Ba'mdogo alimwambia mama, macho bado kwa Fyuzi. "Chai yangu ikiletwa, washa. Ikinguruma mpaka chai iishe, ichukue, mimi sisemi tena. Ikizima chai ikiwa bado kikombeni, mkokoteni unaondoka nayo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Na si kunguruma bure. Hata paka ananguruma. Ibebe mzigo. Ichomekeni pasi."

Mama aliinjika maji. Fyuzi aliyaomba maji hayo moyoni yachelewe kuchemka.

Alishafungua plagi alfajiri, akaisugua, cheche ikaruka ya buluu, safi. Akaifungua tena sasa, cheche ile ile. Kabureta alishailaza kwenye kitambaa na kupuliza vijitundu vyake vyote mpaka mdomo ukawa na ladha ya petroli. Bomba la mafuta jipya. Chujio safi. Akazungusha kamba, akavuta. Ikawaka kwa mvuto mmoja, ikanguruma vizuri kabisa, moshi mwembamba, sauti ya kushiba. Halafu ikaanza kusita. Ikameza mate. Ikafa.

"Ndiyo hiyo," Ba'mdogo alisema, wala hakucheka. "Ikipata joto tu, pistoni inakataa."

Fyuzi alifungua kifuniko cha tangi kutazama mafuta, akayakuta tele, akafunga. Akavuta kamba. Ikawaka.

Ikasita. Ikafa.

Akafungua kifuniko, akatazama, akafunga. Akavuta. Ikawaka tena, mvuto mmoja tu.

Hapo akili ikamgonga. Kama ugonjwa ni joto, mbona inawaka ingali ya moto? Ekzosi imeungua kiasi cha kuchomea mahindi, na yenyewe inaitika kama ndiyo kwanza asubuhi! Mgonjwa gani huyu anayepona kila anapotazamwa?

Ilipokufa tena hakukimbilia kamba. Alichuchumaa, akaweka sikio karibu na tangi kama mtu anayesikiliza mlango wa chumba cha wakubwa, kisha akazungusha kifuniko polepole.

*Fyuuu.*

Kidogo tu, lakini aliisikia. Hewa ilikuwa inaingia ndani kwa pupa, kama mtu aliyezamishwa kichwa majini halafu akaachiwa. Tangi lilikuwa linakosa pumzi! Mafuta yanashuka, nyuma yake hakuna hewa ya kujaza nafasi, basi yanagoma kushuka. Unafungua kifuniko utazame, linavuta pumzi, jenereta inawaka, wewe unadhani umefanya la maana.

Akakigeuza kifuniko mkononi. Vya zamani vile vina kitundu juu, kidogo kama jicho la sindano, cha kupitishia hewa. Kitundu kilikuwepo, lakini kwa ndani kimezibwa na kitu kigumu, cheupe, kimebonyezwa kikaenea vizuri. Akakwaruza kwa ukucha, akanusa.

Mshumaa.

Juu yake, kwenye ule weupe, palikuwa na alama ya kidole gumba. Kidole chembamba. Na katikati ya alama, mstari wa kovu uliokatisha. Kovu hilo Fyuzi alilijua tangu hajajua kusema. Ndilo la mkono uliomkata kucha, ukampaka mafuta, ukampiga makofi.

Aliinua macho. Mama alikuwa amesimama na kikombe cha chai mkononi, anakitazama kifuniko.

Ndani bibi alikohoa. Kile kikohozi chake cha kuvutwa kutoka mbali, kinachofanya nyumba nzima isubiri kama pumzi nyingine itakuja.

"Bibi alikuwa anavuta harufu ya petroli kila akilala," mama alinong'ona, midomo haichezi. "Kifua kilikuwa kinambana. Na kuitoa hataki. Nilitaka kukata harufu tu, mwanangu. Sikujua."

Fyuzi alimtazama Ba'mdogo. Huyo alikuwa anaondoa kijiwe kwenye kiatu chake. Sentensi moja tu ingetosha. Ba'mdogo angecheka mpaka kigoda kivunjike, habari angeipeleka gereji, ingezunguka ukoo mzima: shemeji aliyeipaka jenereta mshumaa. Ingesimuliwa kila wakikutana, miaka na miaka.

"Mama," alisema. "Naomba pini."

Mama alichomoa pini kwenye kilemba chake, akampa. Fyuzi akawapa mgongo wote. Akang'oa ule mshumaa wote, ukatoka kipande kizima na gumba lake, akautia mfukoni. Akazibua kitundu, akakipuliza, akakielekeza juani. Tone la mwanga likapita.

"Chai hiyo inapoa," Ba'mdogo alisema. "Unamaliza au unaomba dua?"

"Anza kunywa."

Kamba. Mvuto. Ikawaka.

Mama alivuta waya wa pasi dirishani, akalaza shati la Fyuzi juu ya meza. Pasi ilipochomekwa, jenereta ilishusha sauti, ikajikunja kama mbebaji aliyetwishwa gunia, ikajiinua. Ba'mdogo akanywa funda la kwanza.

Sasa mtu huyu kwa kawaida chai anaikata kama anazima moto. Leo alikunywa kama ndege. Analamba, anaweka chini, anatazama mawingu. Fyuzi alisimama na kamba imefungwa kwenye ngumi, hathubutu kuigusa mashine. Ukafika muda wake wa kusita. Alibana meno. Jenereta haikusita. Ukapita. Bado inanguruma.

"Nani huyo?" bibi aliuliza ndani kwa sauti kubwa. "Mzee karudi?"

"Hajarudi, mama," mama alimjibu. "Ni mjukuu wako."

Mnunuzi wa vyuma alitokea na mkokoteni wake, akasimama, akatazama mashine inayonguruma, akamtazama Ba'mdogo. "Mbona mzigo unaongea?"

"Subiri," Ba'mdogo alisema. "Shemeji, niongezee kidogo."

"Ba'mdogo!"

"Nilisema mpaka chai iishe. Imeisha?"

Mama alitoka na birika. Alimmiminia mpaka ukingoni kabisa, chai ikafurika ikaingia kwenye sahani, na akamtazama usoni bila kupepesa. "Kunywa, shemeji. Ipo nyingi. Na shati bado sijafika mikononi."

Ba'mdogo akacheka. Kicheko kilimtoka bila ruhusa. Akakinyanyua kikombe akakimaliza kwa mara moja, akakipindua, tone likaanguka vumbini.

"Ilikuwa na nini?"

"Uchafu tu. Ulikuwa umeziba mahali."

"Mahali gani? Mimi niliifungua yote."

"Mahali padogo, Ba'mdogo. Hata mimi nimebahatisha."

Ba'mdogo alimtazama kwa muda, akamtazama na mama, kisha akaacha. Alimgeukia mnunuzi wa vyuma. "Bwana, mkokoteni si umeuleta? Basi usirudi mtupu. Mpelekee mwanangu huu mzigo kwa seremala. Na uendeshe vizuri, hiyo siyo chuma."

Jenereta ilizimwa, kwa mara ya kwanza leo kwa kutaka kwao. Wakaipandisha. Jua lilikuwa linapanda kuelekea utosini.

Fyuzi aliingia ndani akaaga chumbani kwa bibi. Mama alimvalisha shati kama anakwenda darasa la kwanza, akamfunga kifungo cha juu, mtu anayekwenda kubeba mbao! Kola ilikuwa ya moto shingoni. Alitaka kumrudishia pini, mama akaukunja mkono wake ukafumba.

"Kaa nayo. Na ukitoka funga mlango," alisema, kama alivyosema kila siku ya maisha yake. "Harufu."

Akaichomeka pini ndani ya kola, akatoka, akauvuta mlango taratibu mpaka ukagusa fremu.